"Ushuru sifuri" kila siku mdomoni, cheti chenyewe hamkisemi!

Assalaam aleikum wanajamvi.

Kila ukifanyika mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tunaimbiwa yale yale: nchi 8, soko moja, ushuru baina yetu hakuna. Sawa, Umoja wa Forodha upo tangu 1 Januari 2005. Basi mbona mtengeneza sabuni ya mwani wa hapa Zanzibar akipeleka katoni zake Mombasa anakamuliwa kama aliyeshusha mzigo wa China?

Kwa sababu hiyo sifuri haiji yenyewe, inadaiwa kwa cheti cha uasili wa bidhaa, yaani karatasi ya kuthibitisha kuwa mzigo ni wa ndani ya Jumuiya. Mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chake chepesi: hakilipiwi, na ofisa wa forodha anakigonga muhuri mzigo unapotokea, mradi bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Ukizidi hapo, cheti kamili. Lakini mawakala wengine watakwambia "niachie mimi", pesa watachukua, cheti hawakati!

Hebu pigeni hesabu, kwa shilingi zetu. Mzigo wa 4,000,000 ulio kundi la ushuru wa forodha wa 25%. Bila cheti, forodha 1,000,000, kisha VAT ya Kenya 16% inapigwa juu ya 5,000,000, yaani 800,000 nyingine. Ukiwa na cheti unabaki na VAT ya 640,000. Zimekwenda 1,160,000 kwa kukosa karatasi moja! Na hiyo VAT, kama vile cheti cha usafi wa mimea, haikufutwa na itifaki yoyote. Anayesimama jukwaani akasema "hakuna kodi" anawapoteza watu.

Na sisi wafanyabiashara tusijitoe. Cheti kinaombwa jahazi limeshang'oa nanga. Mzigo wa dola 5,000 unakatwa mafungu matatu ili uonekane mdogo. Hilo linajulikana, msijidanganye. Ankara imeandikwa "viungo", ndani ya magunia mdalasini na pilipili manga, kila kimoja na namba yake ya forodha. Halafu kuna wanaotaka cheti cha khanga za India na mchele wa Thailand. Mchele haugeuki wa Zanzibar kwa kulala bandarini Malindi, Unguja, siku mbili!

Mwani mkavu hauna mjadala, umetoka baharini kwetu. Sabuni ndiyo yenye kazi, maana magadi yake (kostiki soda) ni ya nje ya Jumuiya, kwa hivyo lazima itazamwe sharti lake katika kanuni za uasili za 2015. Risiti za mafuta ya nazi na mwani zisitupwe, ndizo ushahidi. (Karafuu msiniulize, hiyo inauzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, basi.)

Kubandika orodha hiyo ya bidhaa za cheti chepesi kwa Kiswahili kwenye ukuta wa bandari, Mkoani na Wete kule Pemba, na Malindi, kunagharimu nini? Gundi?

Mwenye orodha ya karibuni aiweke hapa, khasa ile ya upande wa Kenya.