Tupeane uzoefu: siku sda ilipogeuka sdb

Mwana wa Gungu
Mwakeye wakuu. Jana usiku naweka Debian, ile Linux, kwenye mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) yenye diski mbili. Wakati wa kusakinisha, ya mfumo iliitwa sda, ya data sdb. Nimezima, nimewasha, zimebadilishana majina. Sijagusa kitu! Wenye visa vyao waje, nisilie peke yangu.

Kanyenye_1
Nimo. Nilihamisha mashine kutoka VirtualBox kwenda KVM, zote za kuendeshea mashine pepe, sda ikawa vda. Kwenye fstab, faili linaloiambia mashine ifungue diski zipi ikiwaka, nilikuwa nimeandika /dev/sda2 kwa mkono wangu mwenyewe. Ikawaka, ikaishia kwenye skrini nyeusi inaniomba nywila ya root, yule msimamizi mkuu. Nayo nilikuwa nimeisahau.

Mzee wa hda
Nyie watoto wa juzi. Sisi tulianza na hda, jina la diski za zamani za IDE. Mwaka 2007 ilipotoka Fedora 7, Linux nyingine, diski za IDE nazo zikaitwa sda, na kila aliyekuwa na hda kwenye fstab alijuta kupandisha toleo. Kerneli, kiini cha Linux, haijawahi kumwahidi mtu jina. Inagawa herufi kadiri inavyozikuta diski, anayewahi ndiye a. Kama siti za daladala ya Ujiji.

Kibirizi Mwaloni
Siti ya daladala unaweza kuwekewa na konda, mzee.

Dada wa Mwanga
Ngoja nieleze yangu, maana hii mada imenitonesha. Kuna kikundi cha kuweka na kukopa, sikitaji, nilikuwa nawatunzia mfumo wa mikopo. Kompyuta moja ya mezani, juu yake VirtualBox, ndani yake Ubuntu, Linux pia. Diski ya data ilikuwa GB 40, ikaanza kujaa. Nikaongeza nyingine, nayo GB 40. Hapo nilishajichimbia kaburi, sikujua tu.

Asubuhi nikapiga lsblk, amri ya kuorodhesha diski. sdb ya zamani, sdc mpya. Nikaandika kwenye karatasi, nikaibandika kwenye monita kabisa. Saa nane mchana umeme ukakatika. UPS ilikuwa imekufa tangu masika. Umeme uliporudi nikawasha, nikasoma karatasi yangu, nikaandika mkfs.ext4 /dev/sdc, yaani fomati sdc. Ikaniuliza: humu mna ext4 (mfumo wa faili) tayari, niendelee? Nikajiambia labda niliifomati asubuhi nikasahau. Nikabonyeza y.

Kumbe safari hii diski zilijibu kwa mpangilio mwingine, sdc ndiyo ile ya zamani. Na kwenye fstab, penye /dev/sdb, nilikuwa nimeweka nofail ili mashine isigome kuwaka hata diski isipofunguka, kwa hiyo folda ya data haikufunguka na wala mashine haikulalamika. Ingelalamika ningeshtuka. Napiga ls, naona lost+found peke yake, folda ya diski iliyotoka kufomatiwa. Miaka mitatu ya mikopo ya watu.

Nilitoka nje nikakaa chini ya mchikichi, simu inaita naiangalia tu. Bakapu ilikuwa ya wiki tisa nyuma. Kilichotuokoa ni madaftari ya katibu, mama mmoja aliyekataa katakata kuiamini kompyuta, nami nilikuwa nikimcheka. Wiki tisa za marejesho tuliziingiza upya, usiku, mimi na wadogo zangu wawili, sufuria la migebuka pembeni. Mama mzazi kila jioni anapita dirishani: "Limepona?" Anaondoka.

Kanyenye_1
Nimesoma mpaka chai imepoa. Pole sana dada.

Root wa Isevya
Pole, ila tuambizane ukweli. Mashine ilikuuliza, ukajibu y. Kosa la jina liko wapi hapo?

Kibirizi Mwaloni
Wewe wa Tabora kula maembe, acha kukoroga watu. Hujawahi kubonyeza y?

Root wa Isevya
Nabonyeza baada ya kupiga snepushoti, picha ya hali ya mashine unayoweza kuirudia.

Mzee wa hda
Snepushoti si bakapu. Ikifa diski ya kompyuta yenyewe, zinazikwa pamoja.

Root wa Isevya
Nani amesema ni bakapu? Nimesema ingemrudisha alipokuwa kabla ya ile y. Ingemrudisha au isingemrudisha?

Mzee wa hda
Ingemrudisha. Ila si bakapu.

Mpanda treni
Mimi GRUB, programu ya kuwashia Linux, iliingia kwenye flashi ya kusakinishia, kwa sababu flashi ndiyo iliyoitwa sda. Laptopu haiwaki bila flashi kuchomekwa. Nimetembea hivyo miezi minne, kama ufunguo wa pikipiki.

Root wa Isevya
Hiyo si mashine pepe. Soma mada.

Mpanda treni
Maumivu ni yale yale, mkuu.

Kanyenye_1
Tumieni UUID, basi, kitambulisho kilichoandikwa ndani ya diski yenyewe. Unapiga blkid, unakopi zile herufi 36, unabandika kwenye fstab. Diski iitwe sda, iitwe Juma, inafunguka.

Fundi Katonga
Halafu uklone diski, uwe na mbili zenye UUID moja. Yamenikuta. XFS, mfumo mwingine wa faili, inagoma kuifungua ya pili mpaka uibadilishie UUID au uilazimishe kwa nouuid. Mimi siku hizi naangalia /dev/disk/by-id, folda inayotaja diski kwa namba zake, kabla ya kufomati. VirtualBox inaipa kila diski namba yake. Kwa QEMU, mwenzake KVM, ukitumia diski za virtio, namba ya utambulisho, yaani ile serial, uiweke mwenyewe, la sivyo hutaiona humo.

Kibirizi Mwaloni
Mbona mnajichosha. Kila diski ukubwa wake. GB 40, 41, 43. Hata na usingizi unaitambua.

Mzee wa hda
Huyu mvuvi kasema la maana leo.

Mpanda treni
Au unachomoa zote, unaacha moja, unasakinisha, ndiyo unarudisha.

Fundi Katonga
Seva ina watu ndani saa nne asubuhi, unachomoa nini?

Kanyenye_1
Dada wa Mwanga, yule katibu siku hizi anaiamini kompyuta?

Dada wa Mwanga
Ameongeza daftari la pili. Nami nimebandua ile karatasi.

Mwana wa Gungu
Nimeweka UUID, imewaka mara tatu mfululizo, asanteni. Sasa mtandao. Maelezo ninayofuata yanasema kadi ya mtandao ni eth0, mimi naona enp0s3. Hii nayo ni nini?

Mzee wa hda
Kalale kijana. Anzisha nyingine kesho.