Kioo kinakauka na vidoti vyeupe ilhali kipima kinasoma 002. Naombeni ushauri

DadaVioo, Nakuru
Habari za jioni ndugu zangu. Nina kazi ya kuosha madirisha ya maghorofa hapa mjini, mimi na vijana wawili. Tuliacha ngazi, sasa tunatumia brashi ya mti mrefu inayopitisha maji. Maji hayo hayafai kuwa na chumvi yoyote, maana kioo hakifutwi, kinaachwa kikauke chenyewe. Nilinunua mtungi wa rezini, zile punje zinazonasa chumvi ya maji. Kwenye kipima cha chumvi, kisima chetu cha Kiamunyi kinasoma 420 ppm (sehemu kwa milioni), na maji yakitoka kwenye rezini ni 002.

Rezini ya kwanza haikumaliza wiki mbili. Ya pili nayo, kipima bado kinasema 002, vioo vikakauka na vidoti vyeupe. Nilipanda mwenyewe nikakwaruza kwa kucha, hakikutoka hata kimoja. Mteja amekataa kulipa na simlaumu. Nimekosea wapi?

FundiMaji, Lanet
Pole sana dada. Weka siki nyeupe juu ya kidoti, ngoja dakika 10. Kikitoka, ni chokaa. Kikibaki, ni silika, yale madini ya mchanga na kioo, na mimi nashuku silika. Miamba yetu ya Bonde la Ufa ni ya volkano na maji ya visima yanatoka nayo. Kipima chako kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Silika karibu haipitishi kabisa, ndiyo maana hakiioni. Na rezini ikianza kuchoka, kitu cha kwanza kuiponyoka ni hiyo silika, namba ikiwa bado nzuri.

Tanguliza membreni ya osmosi kinyume, ule utando unaopitisha maji kwa presha na kuzuia chumvi. Maji yapite filta ya mikroni 5, kaboni, pampu ya presha, membreni, rezini iwe mwisho. Kaboni usiiruke hata kama kisima hakina klorini, kwa sababu siku utakayojaza maji ya bomba klorini itakula membreni. Membreni ikiondoa asilimia 95 tu ya chumvi, 420 inabaki 21, na rezini ile ile inakufikisha mbali mara 20. Mitungi ya rezini iwe miwili, mmoja nyuma ya mwingine, na upime katikati. Namba ikipanda hapo hata kidogo, toa wa kwanza, wa pili uchukue nafasi yake, mpya ukae nyuma. Membreni isikauke kamwe.

Ukiambiwa ununue mashine ya kulainisha maji, kataa. Inatoa chokaa na kuweka sodiamu, na maji ya huku tayari ni ya sodiamu.

MamaUsafi, Kisumu
Sisi wa maji ya ziwa chumvi ni kidogo, tope ndilo linatusumbua. Mvua ikinyesha, filta ya mikroni 5 inageuka rangi ya chai ya maziwa. Mimi huweka ya mikroni 20 mbele yake. Dada, fungua filta zako uziangalie kwa macho, usingoje presha ishuke.

MkulimaNjoro
Hamjamwambia kuhusu maji ya taka. Yale yanayotupwa na membreni yanabeba floridi ya kisima ikiwa imekolea. WHO inataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huku vinapita hapo kabla hata ya kuchujwa. Meno ya watoto wetu mnayaona. Tafadhali usinyweshe ng'ombe wala kumpa jirani wa kupikia. Mwaga chooni, piga deki.

Halafu mabati unayo, kwa nini usitege mvua? Acha maji ya kwanza yaoshe vumbi, mengine yaingie tangini.

DadaVioo, Nakuru
Nimejaribu siki leo asubuhi kwenye vidoti vitatu. Vyote viko pale pale. Nimepima pia maji ya mvua ya mama mkwe: 14! Nitapitisha hayo kwenye rezini mpya mpaka nipate pesa za membreni. Lakini vioo vya mteja nitavisafisha na nini?

FundiMaji, Lanet
Poda ya serium oksaidi, ile ya kung'arishia vioo. Ichanganye na maji iwe kama uji mzito, sugua taratibu kwa kitambaa laini, anza na pembe moja. Tindikali ya choo usikaribishe hapo, itaharibu fremu za alumini. Na umwambie mteja ukweli kabla hujaanza.