Naomba ushauri: kwenye Haskell tutumie majina au alama?

Wakuu, heshima kwenu. Niko Arusha, tuko watatu tunaandika programu ya kupokelea kahawa kwa lugha ya programu ya Haskell. Mimi ni mtu wa alama, yaani kuita kazi (function) kwa ishara badala ya jina. Nikiona <$> najua papo hapo kazi inapitishwa kwenye kilichomo ndani bila kufungua kasha, na mstari unabaki mfupi.

Juzi kijana aliyejiunga nasi kutoka Moshi alikwama karibu saa nzima kwenye mstari mmoja wenye >>= na <*>. Akaniambia, "Kaka, hii hata kuitamka siwezi, sasa nitakuulizaje?" Maneno hayo yameniingia sana. Nilimwonyesha kwamba <$> na jina fmap ni kitu kilekile, na kwamba Hoogle, mtambo wa kutafuta kazi za Haskell, inatafuta hata alama. Akaelewa. Lakini kuna alama mbili nilizojitungia mwenyewe, na hizo Hoogle haizijui.

Lugha nyingine ya programu, Elm, toleo la 0.19, mwaka 2018, waliwaondolea kabisa watumiaji uwezo wa kutunga alama. Naona ni kali mno, ila nawaelewa.

Nafikiria tubaki na za maktaba ya msingi tu, zangu nizipe majina. Mliofanya kazi kwenye timu, mpaka mliuweka wapi? Na majina hayo, Kiswahili au Kiingereza?