Landsat, MODIS au ECOSTRESS: ipi ya kupimia joto la mjini Unguja?

MtotoWaKikwajuni
Assalaam aleikum wana jamvi. Natayarisha utafiti wa shahada ya pili juu ya kisiwa cha joto hapa mjini: Ng'ambo, ule mji wa nje ya Mji Mkongwe, ina joto kiasi gani kuliko mashamba. Nitapima kwa picha za joto za satelaiti. Msimamizi ananambia nichukue MODIS kwa sababu ina picha kila siku. Mwenzangu anasema Landsat. Mwengine kanitia ECOSTRESS kichwani. Kompyuta yangu dhaifu, muda miezi minne. Nichague ipi?

Fundi_Ramani
Waaleikum salaam. MODIS iweke pembeni, angalau kwa mchana. Pikseli yake ya joto, yaani kila nukta ya picha, ni kilomita moja kwa moja. Mji Mkongwe wote ni hekta 96, yaani pikseli moja, na hata hiyo haikai sawasawa juu ya mji: nusu iko Forodhani majini. Utapima bahari na bati kwa pamoja kisha uite joto la mji. Landsat 8 na 9 zinapima kwa mita 100, hapo Mnazi Mmoja unaitenga na Michenzani. Faili utaipata imekatwa kwa mita 30. Usidanganyike, kilichopimwa ni 100. Kila moja hurudi baada ya siku 16, zikipokezana ni siku 8.

BintiMalindi
Siku 8 za kwenye karatasi! Masika usitegemee kitu. Hata kiangazi, Kaskazi inavuma na bahari iko wazi, ikifika saa nne asubuhi vijiwingu vinaota juu ya nchi kavu, na ndiyo saa satelaiti inapopita. Mwaka mzima utabaki na picha za kuhesabu kwa vidole. Tena saa ya kwenye faili ni ya Greenwich: 07:20 ndiyo saa nne na dakika ishirini yetu. Nimesoma tasnifu iliyoandika "saa moja asubuhi" mwanzo hadi mwisho.

Mzee_wa_Jangombe
Nyinyi mnazungumza asubuhi. Joto linalotutoa kitandani ni la usiku. Saa tano za usiku ukiweka mkono ukutani, matofali bado yana moto. Hiyo Landsat iko wapi saa hizo?

Fundi_Ramani
Hapo umenikamata, mzee. Usiku Landsat hupiga kwa nadra. MODIS ndiyo inarudi: ile iliyofungwa kwenye satelaiti ya Aqua ilikuwa ikipita mnamo saa saba na nusu usiku, na ina kumbukumbu tangu 2002. Mchanganyiko na bahari uko palepale, lakini kwa Ng'ambo ya ndani inafaa. ECOSTRESS imefungwa kwenye kituo cha anga cha kimataifa tangu 2018, pikseli kama mita 70, na saa yake hubadilika: leo alasiri, siku nyengine usiku wa manane. Ni neema, ila picha mbili za saa mbalimbali huwezi kuzilinganisha hivi hivi. Na angalia pwani kabla ya kuamini. Wakati mwengine picha huwa imeteleza.

BintiMalindi
Mimi linalonitia wasiwasi zaidi ni mabati. Satelaiti inaona paa, haioni kichochoro wala hewa anayovuta mtu. Bati jipya linalong'aa halitoi mionzi ya joto vizuri, linaakisi anga tu, kwa hiyo kwenye picha linatoka baridi na chini yake watu wanaokwa. Nilipanda juu ya paa na ile bunduki ya kupimia joto. Bati tupu: 29. Nikabandika teipu nyeusi ya mafundi umeme, nikasubiri, nikapima palepale: 51. Bati moja, jua moja!

Joto la Landsat lililokwisha tayarishwa hurekebishwa kwa ramani ya ASTER, kipimo chengine cha satelaiti, inayoonyesha kila sehemu hutoa mionzi ya joto kiasi gani, nayo imetokana na picha za 2000 hadi 2008. Nyumba za Fumba zilizojengwa juzi haizijui.

MtotoWaKikwajuni
Subhanallah. Na upande wa shamba nichukue Jozani?

Fundi_Ramani
Hapana. Jozani ni msitu wenye maji chini, tofauti itavimba na utasifiwa bure. Maweni nako kiangazi mawe yanachemka, tofauti itasinyaa. Chukua mashamba ya minazi na mikarafuu, tena sehemu kadhaa, uandike ni zipi. Masingini ni kilimani, iache. Kazi yote ifanyie Earth Engine ya Google, inakokotoa huko mtandaoni, kompyuta yako haitaumia. Thamani za Landsat zidisha kwa 0.00341802, jumlisha 149, toa 273.15, ndiyo Selsiasi.

MtotoWaKikwajuni
Basi Landsat kwa mitaa, Aqua na ECOSTRESS kwa usiku. Msimamizi nitamuonyesha ile pikseli ya Forodhani. Dada, hilo la teipu nataka nilirudie mwenyewe kabla ya kuandika.

Mzee_wa_Jangombe
Paa langu upande wa kibla limeliwa na kutu, upande wa pili nimebadilisha bati mwezi uliopita. Njoo nayo, mwanangu. Ngazi ipo, ila kidaraja cha tatu kimevunjika.