Kuna mtu ameweka elfu mbili ya rambirambi juu ya tela langu, na nyote mnamjua

Pijo ya Mzee

Wakuu, leo sina salamu. Nimepaki Iringa na mikono bado inatetemeka, na si kwa sababu ya usukani.

Yule jamaa wa V8 nyeupe mnamjua. Simtaji. Hakuna msafara wa magari ya kale anaoukosa, na hakuna aliyewahi kuliona gari lake la kale. Mwaka wa tisa huu "lipo kwa fundi". Huyo huyo. Leo saa tano asubuhi pale Ruaha Mbuyuni, mbele ya wauza vitunguu wote wa Tanzania na nusu ya madereva wa Zambia, ameshuka, akavua kofia, akalisogelea tela langu polepole mikono nyuma, akatoa noti ya elfu mbili, akaichomeka chini ya kamba juu ya mfuniko isipeperuke na upepo, kisha akasema kwa sauti ya msoma wasifu: "Poleni sana wafiwa."

Elfu mbili! Akaichomeka chini ya kamba!

Wasiojua: gari linalolivuta ni Pijo (Peugeot) 404 ya mwaka 1965, ya marehemu baba yangu. Ndiyo aina iliyochukua Safari Rally mwaka 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1966 na 1967 aliendesha Bert Shankland, mtu aliyekuwa anaishi Dar es Salaam hapa hapa, si Ulaya. Injini ya cc 1618, imeinamishwa upande, gia za usukani. Baba aliiosha kila Jumamosi mpaka Jumamosi aliyolazwa.

Tela nimelijenga miezi saba. Ni tela la kulala safarini, lile la umbo la tone la maji, nene mbele, jembamba nyuma. Wamarekani walianza kuyajenga miaka ya 1930, na baada ya vita kuu ya pili watu wakayaunda wenyewe uani. Vipimo ni futi nne kwa nane kwa sababu karatasi ya plaiwudi ni futi nne kwa nane, hutupi kipande. Ndani ni godoro tu. Nyuma unainua mfuniko unakuta jiko, sufuria, chumvi, kila kitu mahali pake. Lina kilo 320, nimelipima kwenye mzani wa mahindi. Kilo 32 zinakalia chuma kinacholiunganisha na gari, maana mzigo ukizidi nyuma tela linapiga mkia na kukuingiza mtaroni.

Miezi saba! Halafu mtu anavua kofia!

Yule mama wa vitunguu akatua ndoo akashika kichwa. Kijana wa bodaboda akazima pikipiki. Mzee mmoja akaanza kupanga watu foleni ya heshima za mwisho. Mwanangu wa miaka sita akanivuta shati: "Baba, nani amekufa humo ndani?" Na mama yake ndiye aliyekuwa amelala humo ndani.

Naomba mniambie kama huyu mtu anastahili kuendelea kukaa kwenye kundi letu.

Kipepeo wa Kilosa

Pole kwa msiba mkuu.

Landrova 109

Mazishi lini? Michango tunatuma namba gani?

Binti Mwanahawa

Nyie muacheni, ameumia. Mtoa mada, weka picha tuone kwanza.

Pijo ya Mzee

Picha nimeweka hapo juu. Angalieni vizuri lile umbo, mnieleze jeneza gani lina umbo la tone.

Landrova 109

Nimeangalia. Mkuu, mbona umelipiga vanishi ya mninga inang'aa vile?

Kipepeo wa Kilosa

Na mikono ya shaba pembeni. Minne. Mbona ni minne?

Pijo ya Mzee

Mikono ni ya kulisukumia likiwa halijafungwa kwenye gari! Kilo 320 utalisogeza kwa meno? Na vanishi ni kwa ajili ya mvua. Plaiwudi ikinywa maji inafumuka kama mkate.

Binti Mwanahawa

Na hayo mapazia meupe ya lesi?

Pijo ya Mzee

Ni ya mke wangu. Anapenda nyeupe.

Dereva Mstaafu

Kijana, fundi wako yupo wapi?

Pijo ya Mzee

Keko, mzee wangu. Fundi vitanda na makabati, miaka ishirini kazini. Anayetengeneza majeneza ni jirani yake, wametenganishwa na ukuta kabisa. Shikamoo.

Dereva Mstaafu

Marahaba. Ukuta tu, sawa. Na hicho kitambaa chekundu kilichofungwa nyuma?

Pijo ya Mzee

Indiketa ya kulia ya tela ilikufa Chalinze. Nikawasha hazadi nikafunga kitambaa chekundu ili malori yanione, kwa sababu naenda 50, sikimbizi gari la mzee. Huo ndio usalama barabarani! Na niwaambie kitu: tangu Chalinze hadi Ruaha Mbuyuni hakuna trafiki hata mmoja aliyenisimamisha. Malori yalinipisha. Pale Mikumi basi zima lilipunguza mwendo, abiria wakasimama. Mmoja alinipigia saluti. Nilimwambia mwanangu, unaona watu wanavyoiheshimu Pijo ya babu yako. Kwa hiyo Watanzania wanajua thamani ya gari hili. Aliyekosa adabu ni mtu mmoja tu.

Kipepeo wa Kilosa

Mkuu.

Landrova 109

Mkuu, hazadi, mwendo wa 50, kitambaa chekundu, mapazia meupe, mninga, mikono minne. Walikuwa wanamheshimu marehemu.

Binti Mwanahawa

Nimecheka mpaka mume wangu ameamka. Abiria WALISIMAMA.

Pijo ya Mzee

Chekeni. Nyinyi hamkuwa pale. Hamkumuona alivyoichomeka ile noti. Hakuitupa, wakuu! Aliikunja kwanza mara mbili, akanyanyua kamba kwa kidole, akaiingiza, akaigonga gonga ikakaa. Kama mtu anayemvika mtoto tai. Halafu "Poleni sana wafiwa". Mama wa vitunguu akatupunguzia bei eti ni za msibani!

Na jambo ninalowaambia sasa ndilo limenifanya nifungue uzi huu. Mtoto amekataa kulala humo. Nimemuonyesha jiko, nimemuwashia taa, nimelala mimi mwenyewe nikatoka nikamwambia unaona baba mzima. Amekataa. Amejikunja kiti cha nyuma cha Pijo na blanketi. Nililijenga kwa ajili yake. Kuna dirisha la duara usawa wa mto wake ili aone nyota.

Dereva Mstaafu

Hapo nimekuelewa. Huyo bwana amekosea, utani una mipaka kukiwa na mtoto. Hata mimi ameshanifanyia, lakini sitaki kulisema.

Volksi ya Tanga

Mimi nitalisema langu! Huyo huyo! Volksi yangu ya 1967 nilikuwa nimeipeleka harusini, nimeifunga maua, bibi harusi yupo ndani. Akaja akanong'ona kwa nguvu: "Hii mnauza nzima au kwa kilo?" KWA KILO! Kama chuma chakavu! Bibi harusi akasikia. Kwenye picha zote za harusi amenuna. Afadhali wewe ulipewa elfu mbili, mimi sikupewa hata shilingi.

Landrova 109

Tatizo lenu mnanunua magari yanayohitaji tela. Sisi wa 109 tunalala ndani ya gari. Unakunja viti, unatandika mkeka, umemaliza. Hakuna wa kuja kukupa pole.

Volksi ya Tanga

109 watu wanalala ndani kwa sababu imeharibika na haifiki.

Landrova 109

Rudia tena.

Volksi ya Tanga

Narudia. Volksi ilishinda Safari mwaka 1953 mashindano yalipoanza, ikashinda 1954, 1957 na 1962. Taja mwaka mmoja wa Landrova. Mmoja!

Mchumba wa Datsun

Mkishataja Safari niiteni na mimi. Datsun 160J, 1979, 1980, 1981, 1982. Mfululizo. Shekhar Mehta yule yule mara zote nne. Pijo na Volksi mlishinda kwa kupokezana, sisi tulihamia kabisa.

Pijo ya Mzee

Wakuu, uzi ni wa elfu mbili.

Dereva Mstaafu

Kijana, mlima wa Kitonga ulipandaje na tela? Hilo ndilo nataka kulijua. Mimi 404 niliendesha tangu 1971, na ile feni yake ya sumaku ilinitia aibu mara tatu.

Pijo ya Mzee

Mzee wangu umegusa penyewe. Ile feni huwa haizunguki na injini muda wote, inasubiri joto lipande ndipo sumaku iishike. Kaboni yake, kile kipande kinachopeleka umeme kwenye sumaku, ikiisha haishiki tena, na unagundua ukiwa katikati ya Kitonga rejeta ikipiga mluzi. Kwa hiyo nilipopaki Ruaha Mbuyuni nilikuwa nimefungua bonneti nakaza zile skrubu tatu za kitovu cha feni ili ishike moja kwa moja. Ndiyo maana nilikuwa nimeinama, nimepaka grisi mpaka usoni, najifuta macho kwa kitambaa. Ndipo yule mtu akanikuta.

Kipepeo wa Kilosa

Kwa hiyo pia ulikuwa unafuta macho.

Pijo ya Mzee

GRISI!

Tulipanda gia ya pili, kona mbili tukashuka ya kwanza, mshale wa joto haukufika kwenye nyekundu. Nyuma yetu malori kumi na moja, hakuna hata moja lililopiga honi.

Landrova 109

Wangepigaje honi msibani.

Dereva Mstaafu

Hongera. Ukirudi, shuka na gia ile ile uliyopandia. 404 ya mwaka huo ina breki za dramu magurudumu yote, na tela lako halina breki. Ukikanyaga muda mrefu zinapata moto, pedali inazama, hapo elfu mbili haitatosha.

Mchumba wa Datsun

Kuna mtu ana rejeta ya 160J? Yangu nimeunga mpaka fundi amenikimbia.

Volksi ya Tanga

Mimi gari langu halina rejeta, sina shida hiyo. Nasema tu.

Binti Mwanahawa

Mtoa mada, ile elfu mbili ilikwenda wapi?

Pijo ya Mzee

Mke wangu amenunulia vitunguu. Hilo tutaliongea nyumbani.

Binti Mwanahawa

Gunia bei gani sasa hivi Ruaha Mbuyuni? Tuna shughuli mwisho wa mwezi.

Landrova 109

Yule mama wa ndoo ana bei nzuri, ila mwende na tela.

Dereva Mstaafu

Pijo ya Mzee, nina kabureta ya Solex ya 404, haijawahi kufungwa kwenye gari, ipo kwenye karatasi yake ya nta. Na kaboni za feni nne. Nipo Tabata. Wajukuu hawazitaki.

Pijo ya Mzee

Mzee wangu! Kaboni zipo nne kweli? Usimpe mtu. Jumatano nitakuwa nimeshashuka, asubuhi nipo mlangoni kwako.

Dereva Mstaafu

Njoo. Na mtoto mlete.