Kikundi: Familia ya Mzee Sefu. Ampu ya Baba

JUMANNE

Mwanaidi 19:42
Assalam aleikum familia. Tangu asubuhi watu ishirini na mmoja wameona ujumbe wangu, aliyejibu ni mmoja, na amejibu kwa kidole gumba. Narudia. Harusi ya Rehema ni tarehe 14. Gari la Baba limetoka kwa mafundi wa Grogan jana, injini inanguruma, breki zinashika. Kilichobaki ni ampu, ile ya kukuza muziki. Mwanangu hatapanda ile Peugeot ikiwa bubu.

Mwanaidi 19:44
Kassim ataifungua Jumamosi nyumbani kwa Shangazi Saumu, Majengo. Mia tatu kila nyumba, tumeni kwa M-Pesa, namba yangu mnayo. Nani yuko?

Mjomba Hamisi 19:58
Aleikum salaam. Kumbe ampu bado ipo? Nilidhani iliondoka pamoja na ule mlango.

Mwanaidi 19:59
Mjomba, ya mlango tuliyamaliza.

Mjomba Hamisi 20:01
Mliyamaliza nyinyi. Mimi sikuitwa.

Mwanaidi 20:02
Mia tatu, Mjomba.

Zuhura 21:36
Samahani, nilikuwa zamu. Nani alibeba sufuria yangu ya futari, ile yenye mfuniko wa bluu?

Mwanaidi 21:37
Zuhura tunaongea ampu.

Zuhura 21:37
Najua. Nauliza tu.

Kassim 22:51
Mama mkubwa nisamehe, sikungoja Jumamosi. Nimepita kwa Bibi jioni nikaichukua. Ilikuwa chini ya kitanda, bado kwenye kanga ileile. Nimeifungua sasa hivi mezani.
[picha]
[picha]
Hizo kapasita mbili kubwa upande wa betri, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, tazameni vichwa, vimevimba kama mahamri. Chini yake kuna ute wa kahawia umekauka, na shaba ya bodi imeliwa ikawa kijani. Nilipoigusa kwa solda chumba kizima kikanuka samaki. Ni maji ya ndani ya kapasita yamevuja. Nimeng'oa zote mbili, nimesugua bodi kwa mswaki na spiriti.

Mjomba Hamisi 22:55
Samaki! Basi kitoweo cha harusi kimeshapatikana 😂

Zuhura 22:56
Mimi dagaa nawaunga kwa nazi

Mjomba Hamisi 22:56
Na ndimu

Bakari wa Umoja 22:58
😂😂😂 nani anapika

Mwanaidi 23:01
Jamani. Bakari, wewe wiki nzima hujasema neno, umeamshwa na dagaa? Kassim, endelea. Itapona au haiponi?

JUMATANO

Bakari wa Umoja 06:15
Nimetuma mia tatu, Da Mwanaidi.

Mwanaidi 06:16
Mungu akuweke. Wengine?

Mwanaidi 12:40
Wengine?

Kassim 13:22
Itapona. Nieleze kidogo ili mjue pesa zinakwenda wapi. Betri inatoa 12V tu, haitoshi kusukuma spika kwa nguvu. Kwa hiyo ndani kuna transista nne ambazo zinaukatakata huo umeme haraka sana na kuupitisha kwenye ile duara iliyozungushiwa waya wa shaba. Hapo ndipo unapopanda. Katika hizo nne, tatu zimepiga shoti. Nitabadilisha zote nne pamoja na vile vipingamizi vidogo vya miguuni pake, kwa sababu iliyobaki ilibebeshwa mzigo wa wenzake, nikiiacha itakufa ndani ya wiki.
Habari njema ni upande wa sauti. Transista za spika nimezipima moja moja, zote nzima. Hata karatasi za maika, zisizopitisha umeme, zilizozikinga na lile bati la mapezi la kupozea, hazijapasuka. Ampu ya Japani ya zamani hiyo, chuma kwelikweli.

Kassim 13:25
Nahitaji:
transista za IRFZ44 nne, nitanunua tano
kapasita mbili za mikrofaradi 2200, 35V, ziwe za kuhimili joto la nyuzi 105, si 85, maana buti la gari ni tanuri
dayodi moja nene
mafuta meupe ya kupitisha joto
Kesho nitashuka Luthuli, kwenye maduka ya vifaa vya umeme.

Mwanaidi 13:31
Vizuri sana mwanangu. Angalia usiuziwe transista feki.

Kassim 13:33
Ndiyo maana nanunua tano. Na mita naenda nayo mfukoni, nazipima pale pale kaunta kabla ya kulipa.

Mwanaidi 20:10
Watu saba wamechanga. Saba. Baba aliwabeba wote kwenye lile gari, wengine mpaka Pumwani Hospitali kuzaliwa na kurudi. Hakuna nyumba humu ambayo honi yake hawaijui. Tangu nyaya za betri zigeuzwe mwaka 1997 hakusikia tena muziki ndani ya gari lake mpaka tunamzika. Miaka yote ile anaendesha kimya. Mtu akumbuke hilo kabla ya kusema mia tatu ni nyingi.

Zuhura 20:14
Da Mwanaidi, tusianze.

Mwanaidi 20:15
Sianzi. Nasema kilichotokea.

Zuhura 20:15
Idi yumo humu.

Mwanaidi 20:17
Najua yumo. Ameona ujumbe wote tangu jana na hajasema hata salamu. Harusi ni ya mpwa wake.

Mjomba Hamisi 20:30
Aliyegeuza nyaya na aliyeuza mlango wapewe vazi moja siku ya harusi 😂

Zuhura 20:31
Mjomba, tafadhali.

ALHAMISI

Kassim 21:07
Nimerudi kutoka mjini. Transista tano nimepata, moja ilikuwa mbovu pale pale dukani nikairudisha, nikapewa nyingine nzima. Kapasita za 105 sijapata za 35V. Kuna za 50V, zinafaa, ila ni nene, sina hakika kifuniko kitafunga.

Kassim 21:19
Kuna kingine. Nimefikiri kama niseme, naona bora niseme.
[picha]
Hii ni fyuzi. Ilikuwa bado kwenye kishikio chake. Ni ya kioo, 20A. Waya wa ndani ulikatika zamani, lakini kioo kimeviringishiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, mara tatu nne, imekazwa vizuri.
Ampu hii ina dayodi kwenye mlango wa umeme. Kazi yake ni moja. Mtu akigeuza nyaya za betri, umeme unapita kwenye dayodi, fyuzi inakatika, basi. Unanunua fyuzi nyingine, unawasha, muziki unaendelea. Hapa fyuzi isingeweza kukatika kwa sababu haikuwa fyuzi tena. Dayodi imepasuka vipande viwili, na njia nzima kutoka pale hadi kwenye transista imeungua nyeusi. Betri ya gari ikipata shoti bila fyuzi inamwaga mamia ya ampea. Waya ungeweza kuwaka chini ya zulia na gari lote likaondoka, na waliomo.
Kugeuza nyaya peke yake kusingeiua ampu hii.

Zuhura 21:24
Sigara?

Kassim 21:26
Ndiyo Mama.

Zuhura 21:26
Idi alikuwa na miaka 13.

IJUMAA

Bakari wa Umoja 09:02
Ijumaa njema kwenu nyote

Rehema 14:48
Asalam aleikum. Niko kwa Bibi Saumu. Nimemsomea ujumbe wote tangu Jumanne, ameniambia niandike hivi alivyosema, nisipunguze.

Rehema 14:55
"Mwanaidi mwanangu, na Zuhura, na wote. Karatasi ile aliiweka kaka yangu mwenyewe, mlangoni pangu, siku tuliyotoka kumzika Mama. Fyuzi ilikatika njiani, maduka yamefungwa, watu wamejaa garini. Akasema atanunua kesho. Hakununua. Usiku ule Idi alipotumwa kufunga betri bila tochi, na asubuhi yake alipochapwa, mimi nilikuwa nyumbani kwenu. Niliijua ile karatasi. Nilinyamaza kwa kumheshimu kaka yangu, na alipokufa nikaendelea kunyamaza. Si haki. Ampu haitatiwa umeme nyumbani kwangu kama Idi hayupo."

Rehema 14:55
Ndivyo alivyosema.

Mjomba Hamisi 15:40
Shemeji, umenena.

Zuhura 18:12
Shikamoo Shangazi.

Mwanaidi 22:03
Shikamoo Shangazi. Nimesoma.

Mwanaidi 22:20
Idi, nimekupigia mara mbili. Ukiona simu yangu nipokee mdogo wangu, haya si ya kuandika hapa.

Mwanaidi 22:41
Kassim, kesho tunaanza saa ngapi?

Kassim 22:44
Nilisema saa tatu asubuhi. Kuchomelea nitamaliza kabla ya adhuhuri. Kutia umeme ndiyo kunangoja. Hatuungi betri moja kwa moja, tunapitishia kwenye balbu ya breki, 21W. Balbu ikiwaka kidogo ikafifia, ni salama. Ikiwaka wazi ikabaki hivyo, kuna shoti, tunazima, na hakuna kilichoungua isipokuwa subira yetu. Na spika haziungwi mpaka nipime umeme kwenye milango ya ampu ya kutolea sauti, usizidi milivolti 50. Ila balbu sina, na betri sina.

Idi 23:37
Shikamooni nyote. Asante Shangazi.

Idi 23:41
Kesho natoka kazini saa nane. Balbu ya breki ninayo, na kishikio chake. Betri sina.

Mwanaidi 23:41
Tutakungoja. Hata ikifika magharibi.

JUMAMOSI

Kassim 07:20
Kifuniko hakifungi, kapasita za 50V zimesimama juu. Nitazilaza pembeni nizibane na gundi, zisitikisike barabarani. Nani analeta betri?

Mwanaidi 07:22
Mjomba Hamisi, ile ya kwako?

Mwanaidi 07:50
Mjomba?

Bakari wa Umoja 08:31
Jirani ana ya pikipiki, inafaa?

Kassim 08:33
Kwa kujaribu na balbu inatosha. Kwa kuimbisha spika, hapana.

Mwanaidi 08:34
Ije hiyo kwanza. Na nyumba kumi bado hazijachanga.

Zuhura 08:40
Mimi nitafika saa nane na nusu, nipitie kwa Idi tuje pamoja. Sufuria nimeiona, iko kwa Shangazi.