Roketi ya chupa inavuja, ya puto inakwama njiani: tunakosea wapi?

MamaWawili
Habari za jioni wakuu. Watoto wana miaka 7 na 10, na nataka wajifunze safari za anga za juu kwa mikono, si kwa kutazama video tu. Tumejaribu mambo mawili. Kwanza, puto lililobandikwa kwenye mrija na kupitishwa katika kamba ya katani ya mita 6: linakwenda mita mbili, linajizungusha, linasimama. Pili, chupa ya maji ya kunywa ya lita 1.5, maji nusu, kizibo chenye sindano ya kujazia mpira, pampu ya baiskeli. Hewa inavuja pembeni ya sindano, na chupa ikibahatika kuruka inapinduka hewani. Halafu, naelezaje kwa nini wanaanga wanaelea? Mkubwa anasema huko juu hakuna mvutano.

Mshipi_na_Mrija
Dada, katani ina nyuzinyuzi zinazoukamata mrija. Weka mshipi wa nailoni wa kuvulia, uukaze sana, maana ukilegea katikati nusu ya pili inakuwa mlima. Puto refu linakwenda vizuri kuliko la duara. Lipulize kwanza, libane mdomo kwa kibanio cha nguo, ndipo ubandike mrija mgongoni kwa selotepu sehemu mbili. Ukibandika kabla ya kupuliza, puto likitanuka linaupinda mrija.

Kujizungusha kunatokana na mdomo wa puto kutazama pembeni. Ingiza mdomoni kipande cha sentimita 3 cha mrija mnene na ufunge kwa mpira wa pesa, hewa itatoka moja kwa moja nyuma. Wape futi kamba, wapime umbali kwa pumzi mbili, nne, sita.

FundiPresha
Hiyo chupa ya maji iweke kando, plastiki yake haikutengenezwa kubeba presha. Tafuta ya soda, yenye kitako cha vidole vitano, isiyo na alama ya kukunjwa.

Kizibo kiwe cha chupa ya mvinyo: kipenyo chake ni kama milimita 24 na mdomo wa chupa kwa ndani ni kama 22, hivyo kinaingia kwa kubana. Kikate kibaki sentimita 2, la sivyo tundu la sindano halitokezi upande wa pili. Na usitoboe kwa msumari! Ndipo uvujaji wako unapoanzia. Tangulia na sindano nyembamba ya kushonea, kisha sukuma ile ya mpira polepole. Kikivuja kwenye ukuta wa mdomo, kivishe utepe mwembamba wa tyubu ya baiskeli.

Maji yawe theluthi, yaani mililita 500. Hewa iliyobanwa ndiyo nguvu, maji ndiyo uzito unaotupwa nyuma. Ukijaza nusu unaipunguzia hewa nafasi na chupa inaondoka nzito. Bila maji kabisa, hewa inatoka ghafla na haina uzito wa maana wa kusukumana nao. Waache warushe kwa 0, 250, 500, 750 na wachore wenyewe jedwali.

Kupinduka ni uzito kukaa nyuma mno. Bandika gramu 40 hivi za udongo wa mfinyanzi kwenye kitako (ndiyo pua ya roketi) na mapezi matatu ya plastiki ngumu karibu na mdomo. Kabla ya kurusha, funga uzi pale chupa inapolingana uzito mbele na nyuma, bila maji, uizungushe juu ya kichwa. Pua ikitangulia, itaruka sawa. Ikiyumba, ongeza udongo.

Mpira wa pampu uwe na urefu wa mita 2, mtu mzima ndiye apampu. Kizibo kikigoma, asiinamie mtu: legeza mpira upande wa pampu, maji yatoke kupitia sindano hadi presha iishe.

Chungwa_na_Gololi
Mkubwa akosolewe mapema, hilo kosa hata watu wazima wanalo. Kwenye kimo cha kilomita 400, kinapozunguka Kituo cha Kimataifa cha Anga, mvutano bado ni karibu asilimia 89 ya wa hapa chini. Wanaelea kwa sababu wao na kituo wanaanguka pamoja, huku wakienda mbele kwa takriban kilomita 28,000 kwa saa, ndiyo maana hawaigongi Dunia. Toboa kopo la plastiki karibu na kitako, jaza maji, yachuruzike. Sasa liachie kutoka juu ya meza: linapoanguka maji yanaacha kutoka. Ni nusu sekunde tu, mrekodi kwa simu na mtazame polepole.

Kisha chukua chungwa la sentimita 7 liwe Dunia. Mwezi ni gololi kubwa ya sentimita 1.9, na iwekwe mita 2.1 mbali. Watoto wengi huiweka shibiri moja tu. Kituo cha Anga kiko milimita 2 juu ya ganda.

MamaWawili
Asanteni sana. Mdogo anauliza kwa nini roketi hurushwa kuelekea mashariki.

Chungwa_na_Gololi
Kwa sababu Dunia inazunguka kuelekea huko, na kwenye ikweta kasi ni kama kilomita 1,670 kwa saa, msukumo wa bure. Mwonyeshe Ngomeni kwenye ramani, kaskazini ya Malindi: kwenye jukwaa la San Marco baharini ndiko setilaiti iitwayo Uhuru iliporushiwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya. Uani, arushe mpira wa soksi akiwa amesimama, kisha akiwa anakimbia, kwa nguvu ileile. Apime hatua toka mstari alipouachilia mpira.